Nafasi ya Baba Kwenye Sinia

Nyumbani kwetu Ifakara wanaume walikula barazani, sisi wanawake na watoto tukala uani karibu na jiko. Mimi nimezaliwa na tabia ya kuuliza kila kitu, lakini hilo sikuwahi kuliuliza, maana uani ndiko kulikokuwa na maneno matamu. Barazani walikula kimya. Palikuwa na sinia moja la bati lenye maua yaliyofutika, wali umelundikwa katikati, samaki juu yake, na pembeni bakuli la kunawia. Baba alikaa mgongo ukutani, uso barabarani, ili awaone wapitao na kuwakaribisha. Kushoto kwake alikaa baba mdogo, yaani ndugu yake wa tumbo moja, na kulia kwake mgeni yeyote aliyetokea siku hiyo.

Hakuna mkono uliogusa wali kabla ya mkono wa baba. Yeye ndiye aliyemfungua samaki, akimpasua taratibu kuanzia mgongoni na kumsogezea kila mtu kipande chake. Na baada ya kula yeye ndiye aliyenawa wa kwanza, hata kama njaa bado ilikuwa inamuuma, kwa sababu mzee hamalizi chakula. Upande wake wa sinia aliacha kilima kidogo cha wali. Sinia lilipokuja uani kilima hicho kilikuwa cha watoto, na tulikigombania. Wali uleule ulikuwa umebaki tele sufuriani, lakini wa baba ulikuwa mtamu zaidi, usiniulize kwa nini.

Kiharusi kilimkuta shambani, ng'ambo ya mto, upande wa Lupiro, mwaka mmoja kabla ya mvua za elninyo. Mpunga ulikuwa umeanza kuinama, na kama ilivyo desturi ya bondeni kwetu, watu walikuwa wamehamia mashambani kuamia ndege, yaani kuwafukuza wasile mpunga. Baba alishinda juu ya dungu, kile kichanja cha miti chenye paa la nyasi, akirusha madongo kwa kombeo na kuwatukana kwelea kwa Kipogoro. Matusi yake yalisikika hadi kwa jirani, na jirani naye akawatukana wa kwake. Mama alikuwa chini anachochea moto. Anasema hakusikia kilio wala kishindo. Alichoona ni ndege: kundi zima lilishuka katikati ya shamba letu, likatulia, likaanza kula kama lililoalikwa. Mama akakasirika. Akapanda ngazi ya dungu na maneno yake yako tayari mdomoni, kwamba ni mwanamume gani huyu anayelala mchana mpunga unaliwa. Akamkuta baba amekaa, macho wazi, mdomo umeenda upande, kombeo linaning'inia kwenye vidole vya mkono wa kulia.

Mimi nilikuwa nafundisha shule ya msingi palepale Ifakara. Habari zilinifikia kesho yake, nikaenda kuwapokea kivukoni. Walikuwa wamemkalisha kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli na kumfunga kwa kanga za mama, baba mdogo anasukuma, mama anamshikilia kiuno. Usiku kucha walikuwa wamemchua kwa majani, kwa kuwa mtu mmoja kule alisema ni upepo mbaya, na upepo haupelekwi hospitali. Nilitaka kumjua mtu huyo ni nani. Baba mdogo akasema, "Tulia kwanza, mwalimu. Hata ukimjua utamfanya nini?" Kweli nisingemfanya kitu.

Daktari alitueleza kwa upole. Damu haikufika sehemu moja ya ubongo, alisema, na sehemu hiyo imekufa. Nikamuuliza kama itapona. Akasema kidonda cha mguu kinapona kwa sababu nyama inaota upya, lakini kichwani hakuoti kitu. Ubongo wa mtu mzima ndio uleule, ukipungua umepungua. Hivyo ndivyo walivyofundishwa wote wakati ule, wala simlaumu. Akatuonyesha namna ya kumgeuza kitandani na kumnyoosha vidole, kisha akatuambia tumrudishe nyumbani. Niliondoka pale na dawa za presha mkononi na moyo umekauka.

Baba alirudi na maneno mawili tu. La kwanza lilikuwa "marahaba". Mtoto akimwambia shikamoo, baba alijibu bila kujikwaa, kwa sauti yake ileile, hata wageni wakaruka kwa furaha kwamba mzee amepona. Wakimuuliza la pili, anafungua mdomo na hakitoki kitu. Neno jingine lilikuwa "acha". Hilo alilitumia kwa mambo yote: uji ukiwa wa moto, nzi akimtua, mama akilia.

Tatizo kubwa likawa sinia. Jioni ya kwanza baada ya kumrudisha, wanaume walikaa barazani, chakula kikatengwa, na hakuna aliyekula. Baba mdogo alimtazama yule samaki kama mtu anayetazama mlango wa nyumba ya watu. Baba angekuwa amekufa, ingejulikana: kufungua chakula kungekuwa kwa baba mdogo. Lakini baba alikuwa hai, yumo ndani, hatua chache kutoka pale. Mwishowe baba mdogo akasema, "Lipelekeni kwa kaka kwanza." Tukaingiza sinia chumbani. Mama akaunyanyua mkono wa kulia wa baba, uliokuwa mzito na wa baridi, akagusisha ncha za vidole kwenye wali. Kisha sinia likatolewa nje, watu wakala.

Ikawa hivyo kila siku. Walioona walitusifu sana. Walisema hiyo ndiyo familia yenye heshima, siyo hawa wa siku hizi. Nami nilijivuna mpaka siku niliyobahatika, au niseme nilikosa bahati, kumtazama baba usoni wakati mama anaushika mkono wake. Alikuwa amefumba macho. Nimeona kuku akifumba macho vile akishikwa miguu. Baada ya hapo sinia lilitoka, nasi tulibaki naye na kijiko na wali uliopondwa kwa mchuzi, tukamlisha.

Angeweza kula kwa mkono wa kushoto, ulikuwa mzima kabisa. Lakini mtu aliyelelewa kwetu anajua kazi ya mkono wa kushoto, na haihusiani na chakula. Ungempa kijiko katika mkono huo, angekiacha kianguke. Hata ishara ya msalaba alikataa kuifanya kwa mkono huo. Padri alipokuja kumpaka mafuta ya wagonjwa, baba alikaa tu na machozi yanamshuka upande mmoja. Na kulishwa na binti yake mwenyewe kulimuumiza zaidi. Mimi pia kuliniumiza. Kila nikimfuta mdomo nilitazama ukuta, naye alitazama ukuta mwingine.

Jioni, bakuli la kunawia likigonga sakafu ya baraza, baba aligeuza kichwa mlangoni. Sote tulijua anachotaka, hakuhitaji neno. Hakutaka kutembea wala kurudi shambani. Alitaka nafasi yake, mgongo ukutani, uso barabarani, na mkono wake ndani ya wali pamoja na mikono ya wenzake. Nafasi hiyo hakuna aliyeikalia. Hata mgeni asiyejua alionyeshwa pengine, na pengo lile la barazani likawa linaonekana kuliko mtu.

Wakati mwingine, tukishaweka sahani yake, alitumia mkono wa kushoto kuubeba wa kulia, akautua juu ya wali, akauacha hapo. Aliutazama kwa hasira, kama mtu anayemtazama mbwa aliyekataa kutumwa. Wali ukamwagika kitandani. Mama alikimbilia kufuta, kusafisha, kuutoa ule mkono na kuufunika kwa shuka. "Usijisumbue, Mzee," alisema, "sisi tupo." Baba akasema acha. Mama hakuacha. "Mgonjwa haulizwi uji," aliniambia mimi, nami nikajibu kwa ukali kwamba aliyetunga methali hiyo hakuwahi kuugua.

Mvua za elninyo zikaja, bonde likawa maji matupu, na ule msimu hatukuvuna. Watu wengi waliteseka, sisi tuliteseka pamoja nao. Mimi nilinyoosha vidole vya baba asubuhi kabla ya shule na jioni baada ya shule. Nilivikunjua, vikajikunja. Nilivikunjua tena. Kuna siku nilitamani kuvipiga, Mungu anisamehe, na kuna siku nilivibusu. Havikujali lolote kati ya hayo.

Maji yalipokwisha na watu wakarudi kulima, nikasikia jambo redioni. Betri zilikuwa dhaifu, tulikuwa tumezianika juani ili zipate nguvu, kwa hiyo sauti ilikuja na kupotea. Kilikuwa kipindi cha afya. Mtangazaji alisema wataalamu wa nje wamegundua kwamba ubongo wa mtu mzima unaweza kuzaa seli mpya, tofauti na ilivyoaminika miaka yote. Kisha akasema neno kuhusu wagonjwa wa kiharusi, na hapo betri zikafa. Nilizitoa, nikazing'ata, nikazirudisha. Hazikusema kitu. Nililia pale jikoni kama mtoto.

Kesho yake nilikwenda hospitali. Yule daktari wa kwanza alikuwa amehama. Nikamkuta kijana mwingine, nikamshika kama mwizi. Akakiri kwamba naye amesikia habari hizo. "Lakini, mwalimu," akasema, "ni kisehemu kidogo sana cha ubongo. Na kama seli hizo zinamsaidia aliyepata kiharusi, hapo hakuna anayejua. Ninachojua ni kwamba mara nyingine sehemu iliyobaki nzima hujifunza kazi ya ile iliyokufa, ikilazimishwa kufanya." Nikamuuliza tutajuaje kama zimeota. Akasema hatutajua. Nikamuuliza tufanye nini basi. "Anakula mwenyewe?" akauliza. Nikasema tunamlisha, tunamheshimu. Akasema tupunguze kumlisha.

Jioni nilikaa kitandani kwa baba nikamweleza kwa lugha ya mkulima. Nikamwambia, baba, unajua maotea, yale majani ya mpunga yanayochipua kwenye visiki baada ya kuvuna? Wanasema na kichwani yanaweza kuota. Baba alinisikiliza vizuri. Kila mkulima wa kwetu anayajua maotea na anayadharau: yana masuke machache, hakuna anayeyapigia hesabu, na kabla hayajakomaa ng'ombe wa Wasukuma hupita na kuyamaliza. Nikaona upande mzima wa mdomo wake unapanda. Akahangaika, akatoa sauti mbili tatu zisizo na maana, kisha likatoka neno lenyewe.

"Ng'ombe," alisema.

Alikuwa ananitania. Nilicheka mpaka mama akaja kuona kuna nini. Hilo lilikuwa neno lake la tatu, na lilikuwa limekuja kunieleza kwamba hana matumaini.

Hata hivyo tulianza. Niliweka sahani mbele yake, nikaweka mkono wa kulia karibu nayo, nikakaa juu ya mikono yangu ili nisimsaidie. Mkono ulilala. Bega likapanda na kushuka, jasho likamtoka, wali ukapoa. Mama hakuweza kuvumilia, akatoka nje. Jirani mmoja aliyekuja kumjulia hali alimkuta baba amejimwagia mchuzi kifuani nami nimekaa namtazama. Akasema, "Hujafa hujaumbika," kisha akaenda kusema mtaani kwamba yule mwalimu anamtesa baba yake kwa njaa. Maneno yakamfikia mama, na mama akayaleta kwangu. "Wewe mtoto una roho gani?" akaniuliza. "Ukimwona anahangaika hivyo, huoni huruma?" Nilimwambia huruma ninayo, tena tele, ila sina kingine. Tulikaa siku kadhaa bila kusemezana vizuri. Baada ya mimi kwenda shule alimlisha kwa siri, na baba, kwa kumwonea huruma, alikula.

Kidole gumba kilianza. Mwanzo nilidhani ni macho yangu. Kisha vingine vikafuata, pole pole, kwa wiki na miezi, mpaka baba akaweza kusogeza mkono juu ya sahani na kuufumba. Mama alipiga vigelegele. Baba mdogo akaja akakaa mbele ya kitanda, akatia kidole chake ndani ya kiganja cha baba ili abanwe, akacheka, "Kaka, unaniumiza!" Tulifurahi siku nzima. Jioni ndipo tulipogundua kasoro. Mkono ulijua kufumba, haukujua kufumbua. Alichokishika hakukiachia, si kwa kutaka. Ilibidi sisi tumfungue vidole. Nikarudi kwa yule daktari kijana, akasema hutokea hivyo kwa wengi, kufumba hurudi kwanza. Na kufumbua? Akasema kwa wengine hurudi. Sikumuuliza wengine wangapi. Nilikuwa nimechoka kumwona mtu mwema akikosa jibu.

Jumapili ya Pasaka baba aligoma. Tulikuwa tumetoka kanisani, baba mdogo alikuwa amepata kitoga mnene, yule samaki wa mto wetu asiye na magamba, na mama alimpika kwa mchuzi wa nyanya. Sinia lilipoingizwa chumbani baba akauficha mkono chini ya mapaja. "Acha," akasema. Akaelekeza kidevu mlangoni. Mama akanitazama, nami nikamwita baba mdogo. Tukambeba hadi barazani, tukamkalisha mgongo ukutani, uso barabarani, mito miwili upande wa kulia ili asianguke. Watoto waliopita wakasema shikamoo babu. Akajibu marahaba, marahaba, kama mtu aliyekuwa safarini tu.

Baba mdogo akamnawisha. Alimfungua vidole kimoja kimoja, akamwagia maji, akamkausha kwa ncha ya shati lake. Wanaume walikuwa wanne, kila mmoja mkono wake umetulia gotini, wanangoja. Baba akaanza kusukuma kutoka begani. Mkono ukapanda ukingo wa sinia, ukaburuzika, ukaingia kwenye wali. Vidole vikafumba. Nikasikia mama nyuma yangu anavuta pumzi.

Kisha akavuta. Bega likapanda, shingo ikakaza, mkono ukabaki palepale. Akavuta tena. Labda ulikuwa umechoka njiani, labda wali ulikuwa mzito kuliko tulivyofikiri, sijui. Jasho lilimshuka hadi kwenye kola. Mimi nilisimama mlangoni na jagi la maji, mikono miwili mizima, miguu miwili mizima, na sikuwa na la kufanya nayo. Sijawahi kujiona bure kama siku ile. Mkono wa mzee ukiwa ndani ya sinia haujatoka, nani atatia wake? Wali ulitoa mvuke, kisha ukaacha.

Baba mdogo akanyoosha mkono. "Kaka, ngoja nikusaidie."

"Acha."

Hakulisema kwa hasira. Alimtazama mdogo wake muda mrefu, kisha akaelekeza kidevu kwa samaki. Baba mdogo hakuelewa. Baba akaelekeza tena, kwa samaki, kisha kwake. Hapo baba mdogo akaelewa. Akasema, "Hapana, kaka," na baba akafumba macho, akayafumbua, na kidevu kikarudi palepale. Basi baba mdogo akamfungua samaki, kuanzia mgongoni, taratibu, kama alivyoona ikifanywa maisha yake yote. Kila mtu akasogezewa kipande chake. Kipande kimoja akakiweka mbele ya ule mkono.

Walikula wakiuzunguka. Hakuna aliyeugusa wala aliyeutazama. Wali ukapungua pande zote ukabaki chini ya mkono wa baba tu, kilima kidogo, upande wake uleule. Baba hakula punje. Walipomaliza, baba mdogo alingoja kidogo, kisha akanawa wa kwanza.

Sinia likavutwa chini ya ule mkono, likaletwa uani, watoto wakakigombania kile kilima na kukimaliza kabla hata sijalitua. Niliporudi barazani wanaume walikuwa wameondoka. Mama alikuwa amekaa sakafuni mbele ya baba, ameupakata mkono wa kulia uliofumba bado. Alimfungua vidole kimoja kimoja. Ndani mlikuwa na tonge la wali, limebanwa vizuri, lina alama za vidole vinne. Mama akalila lote, pamoja na punje iliyonasa chini ya kidole gumba, baba akimtazama. Kisha akaniambia nilete maji.